Kidonge cha majira si Panadol, shoga!

Kichwa kinaniuma kidogo maana nimesuka juzi, na yule msusi wangu ana mkono wa kuvuta utafikiri anang'oa mihogo. Lakini hukohuko alikokuwa ananivuta nywele ndiko nilikookota mada ya leo, kwa hiyo tumsamehe.

Akina baba, naomba msikimbilie ukurasa wa michezo. Leo tunazungumzia uzazi wa mpango na ninyi mmo, tena sana. Nawajia, vuteni subira.

Basi bwana. Jumamosi nimekaa saluni, hapahapa mtaani kwetu, viti vinne na draya moja inayofanya kazi ikijisikia. Mazungumzo ya saluni unayajua mwenyewe: yanaanza na bei ya mchele, yanapitia kwa mume wa mtu, yanaishia chumbani. Dada mmoja akasema ameacha sindano ya uzazi wa mpango. Kisa? Ana miezi minane hajaona siku zake, na wifi yake amemwambia damu yote ile inajikusanya tumboni, ikitimiza mwaka inageuka uvimbe. Mwenzake wa kiti cha pili akadakia kwamba yeye hana habari na sindano, yeye ni mtu wa P2.

"Unatumia lini?" akaulizwa.

"Kila shemeji yenu akija."

"Na anakuja mara ngapi?"

"Eh, shoga, anakuja!"

Saluni nzima ikacheka. Mimi nilicheka nusu nikanyamaza, na msusi akanishangaa kwa sababu ananijua, kwa kucheka sijambo. Ngoja niwaambie kilichoninyamazisha, ingawa ni jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mwaka 2021 nilikuwa nakaa kwa dada yangu. Shemeji ni dereva wa lori, anatoka Dar anapita Tunduma anaingia Zambia, safari nyingine anafika mpaka Lubumbashi. Akiondoka ni wiki tatu, mara mwezi. Dada alikuwa na mtoto wa miezi kumi na kliniki walishampa vidonge vya majira. Siku moja tunapepeta mchele akaniuliza, "Mdogo wangu, hivi hivi vidonge ni lazima kila siku hata kama mwenyewe hayupo?"

Jamani! Mimi si ndiye msomi wa nyumba? Dada yangu aliishia darasa la saba, mimi nimemaliza kidato cha nne, na cheti changu kina C ya Baiolojia. Nikajibu kwa kujiamini, wala sikufikiri mara mbili: "Sasa unameza cha nini wakati mtu hayupo? Si unamaliza dawa bure. Meza akiwa anakuja."

Akanisikiliza. Shemeji akipiga simu kwamba amevuka mpaka, dada anatoa paketi yake kwenye kopo la sukari, anameza siku nne, siku tano, shemeji akiondoka anairudisha kwenye kopo. Haikuchukua miezi mitatu, dada akaanza kutapika asubuhi. Mtoto wa kwanza alikuwa hajafikisha hata miaka miwili wakati wa pili anazaliwa mwaka 2022, na siku hiyo dada alitokwa na damu nyingi mno. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi la hospitali kuanzia magharibi mpaka alfajiri, watu wakiingia na kutoka na chupa za damu, hakuna anayetuambia neno kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusema. Alipona. Mtoto naye mzima, mtundu kweli kweli, ananiita mama mdogo na nikimwona moyo unayeyuka. Ila lile benchi sijalisahau, na jibu langu la kwenye ungo wa mchele sijalisahau pia.

Sasa turudi saluni. Kumbe pale kwenye kona kuna mama mmoja kajifunga taulo kichwani, anasubiri dawa ikolee, katulia tu kama hasikii. Mara akasema, "Wanangu, mtakwisha kwa kuambizana." Mama huyo ni nesi, tena wa kitengo cha mama na mtoto. Akageuza kiti akatukalia mbele na somo likaanza. Niliandika nyuma ya risiti ya luku, na nikifika nyumbani nikasoma zaidi nisije nikarudia ya mwaka 2021.

Alianza na swali: nani anajua kidonge kinafanya kazi wapi? Tukajibu wote, tumboni. Akatikisa kichwa. "Kinafanya kazi kichwani."

Ni hivi. Chini ya ubongo wako kuna tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Hiyo ndiyo bosi. Kila mwezi inatuma ujumbe kupitia kwenye damu, unafika kwenye ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai, na yai moja linapevuka na kutoka. Ujumbe wenyewe ndio huitwa homoni, au kwa Kiswahili kingine vichocheo. Yai likishatoka, ovari nayo inatoa homoni zake kuuandaa mji wa mimba, na homoni hizo zikipanda kichwani bosi anaziona anasema, aha, kazi imefanyika, nipumzike. Mwanamke mwenye mimba ndiyo maana hapevushi yai jingine: homoni zimejaa, bosi kalala.

Kidonge cha majira kinachotumiwa na wengi kimebeba homoni za aina hizo mbili, zilizotengenezwa kiwandani. Ukimeza, bosi anadanganyika kwamba kazi imeshafanyika. Hatumi ujumbe, yai halitoki, na mbegu za kiume hata zikifika zinakuta nyumba haina mwenyewe. Juu ya hapo homoni hizo zinaufanya ute wa kwenye mlango wa kizazi uwe mzito kama uji wa mgonjwa aliyepata nafuu, mbegu zinakwama mlangoni.

Lakini uongo, akasema nesi, unataka kulishwa kila siku. Kidonge kimoja nguvu yake ni ya siku moja hivi, mwili unakichuja kinakwisha. Na bosi kumlaza usingizi kunataka vidonge kama saba mfululizo. Hapo ndipo niliposikia jasho linanitoka mgongoni. Dada yangu alikuwa anameza vinne, vitano, kisha anaacha! Yaani bosi alikuwa hata hajasinzia. Kidonge cha majira si Panadol kwamba unameza siku kichwa kinapouma. Mumeo awe Tunduma, awe Mwanza, awe jela, wewe unameza, na ni vizuri iwe saa ileile, mathalani baada ya taarifa ya habari usiku.

Ukisahau kimoja au viwili, meza mara unapokumbuka na uendelee na paketi kama kawaida, hata kama siku hiyo utameza viwili. Ukisahau vitatu na zaidi, endelea kumeza lakini tumia kondomu siku saba. Na pale mwanzo wa paketi mpya ndipo pabaya zaidi kusahau, kwa sababu unatoka kwenye zile siku saba zisizo na homoni. Si unaviona vile vidonge saba vya mwisho vya rangi tofauti? Havina homoni, mara nyingi ni madini ya chuma tu ya kuongeza damu, vimewekwa usipoteze mazoea. Basi ukichelewa kuanza paketi, bosi ambaye alishaanza kujinyoosha kitandani anaamka kabisa.

Kuna na vidonge vya homoni moja tu, hivyo wanapewa sana wanaonyonyesha. Vyenyewe vina masharti makali zaidi ya saa. Baadhi ukichelewa saa tatu tu unahesabiwa umesahau.

Dada wa P2 akauliza, hivi vidonge hivi nani aliviokota? Nesi akacheka akasema hilo kamuulize mwandishi. Nimeulizia. Mwanzo wake, msishangae, ni kiazi! Miaka ya 1940 mkemia wa Kimarekani, Russell Marker, aligundua kwamba kuna mizizi ya porini huko Mexico, jamii moja na viazi vikuu vyetu hivi, ambayo inaweza kutengenezewa homoni kwa bei nafuu. Mwaka 1951, hukohuko Mexico, wakemia akina Carl Djerassi na Luis Miramontes wakatengeneza homoni inayofanya kazi ikimezwa, na mwaka 1960 Marekani ikaruhusu kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba. Kile cha kwanza kilikuwa na dozi kubwa mno. Cha leo kina sehemu ndogo tu ya dozi ile. Na niseme ukweli wote: majaribio makubwa yalianza mwaka 1956 Puerto Rico, kwa wanawake maskini ambao hawakuambiwa waziwazi kwamba wanajaribiwa. Kwa hiyo bibi yako akikwambia hana imani na dawa za Wazungu, usimcheke, anayo sababu. Mwambie tu dozi imeshabadilika.

Haya, sindano. Hii ndiyo iliyozua kesi saluni. Sindano ile ya miezi mitatu ni homoni moja, inakaa mwilini inatoka kidogokidogo, bosi analala miezi mitatu bila wewe kukumbuka chochote. Uzuri wake ni huo, na pia haikai kwenye kopo la sukari ikaonwa na wifi.

Sasa damu inakwenda wapi? Nesi akasema hivi: mji wa mimba ni kitanda. Kila mwezi homoni zako zinatandika godoro na shuka kumsubiri mgeni. Mgeni asipotokea, vyote vinatanduliwa na kutolewa nje. Hiyo ndiyo hedhi. Sindano inafanya kitanda kisitandikwe. Kama hukutandika, utatandua nini? Hakuna damu iliyojikusanya popote, hakuna uvimbe unaopikwa. Miezi ya mwanzo damu inaweza ikaja ovyoovyo, leo tone kesho tone, baadaye kwa wengi inakata kabisa, hasa ukikaribia mwaka. Yule dada wa miezi minane akakaa kimya, kisha akasema taratibu, "Na mimi nilimuamini wifi." Nikamwambia usijali, mwenzio aliniamini mimi.

Ila sindano nayo ina yake, na hapa nawaomba sana muwe makini. Baadhi ya watu inawaongeza uzito. Na ukiiacha, mimba haiji haraka kama kwa vidonge au kijiti. Kwa wastani ni kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi. Haijakuua kizazi, mwili unasubiri ile dawa iishe. Kwa hiyo kama mmepanga mtoto hivi karibuni, usichome sindano, chagua kingine. Ndoa ngapi zimeingia mdudu kwa mama mkwe kuhesabu miezi! Ukichelewa tarehe ya kuchoma usikate tamaa, nenda, maana hata ukipitiliza kwa wiki nne unachomwa tu. Zaidi ya hapo utaulizwa maswali, pengine utapimwa mimba kwanza.

Kijiti, au njiti wengine wanavyoita, kinawekwa chini ya ngozi ya mkono kwa ndani. Vipo vya kimoja na vipo vya viwili, vinakaa miaka mitatu mpaka mitano kwa kutegemea aina. Ni homoni ileile jamaa ya sindano, inavuja kidogo kidogo. Habari kwamba kinasafiri kwenda kwenye moyo iacheni. Kikiwekwa vizuri unakigusa kwa kidole palepale, siku usipokisikia rudi kliniki. Na kutoa ni kliniki vilevile, si kwa wembe uani. Kuna mtu atashangaa naandika hili. Msishangae.

Jambo moja ambalo hata mimi sikulijua: dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, baadhi ya dawa za kifafa, na dawa ya kufubaza virusi iitwayo efavirenz, zinaweza kuzipunguza nguvu homoni za vidonge na vijiti. Sindano yenyewe haiguswi. Kwa hiyo ukienda kliniki usione haya, taja kila dawa unayomeza. Taja pia kama una presha, kama umewahi kuganda damu mguuni, kama kipandauso chako kinakuja na vimulimuli machoni, au kama umevuka miaka 35 na unavuta sigara, kwa sababu vile vidonge vya homoni mbili havikufai. Ndiyo maana kuazimana paketi na jirani ni ujinga, hata kama jirani anakupenda.

P2 sasa. Dada yetu alishaanza kujikunyata kwenye kiti. Nesi hakumgombeza. Akamwambia: mwanangu, hiyo ni homoni ileile ya kwenye vidonge, ila umemeza nyingi kwa mkupuo. Inachofanya ni kuchelewesha yai lisitoke. Kama yai limeshatoka, umechelewa, na kama mimba imeshaingia haitoi mimba. Kwa hiyo wanaoinunua "kutoa" wanatupa hela, na wanaosema ni dawa ya kutoa mimba nao wanakosea. Imezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya siku tatu, ikizidi sana siku tano na nguvu inapungua kila siku inayopita. Na sikieni hapa: haikulindi kesho. Yai limecheleweshwa, halijafutwa! Umemeza Jumatatu, shemeji akaja tena Alhamisi, yai lililokuwa linasubiri nalo linatoka siku hiyo. Kuitumia mara kwa mara si kwamba utakufa, lakini unavuruga mzunguko wako na unalipia bei ya juu kwa kinga iliyo dhaifu kuliko paketi ya bure ya kliniki. Ndiyo, bure, kwenye vituo vya serikali njia hizi hazilipiwi.

Wale ambao homoni hamzipendi au zimewakataa msidhani mmeachwa. Njia zisizo na homoni kazi yake ni tofauti kabisa: bosi wa kichwani anaendelea na shughuli zake, yai linatoka kama kawaida, siku zako zinakuja, ila mbegu na yai havikutani.

Kondomu inajulikana, ni ukuta. Na ni hiyo peke yake, ya kiume au ya kike, inayokinga mimba pamoja na Ukimwi na magonjwa ya zinaa. Mwenye kijiti, mwenye sindano, mwenye kitanzi, wote hawana kinga ya Ukimwi, msije mkajisahau.

Kalenda inataka mtu makini. Yai likitoka linaishi saa 24 tu, pengine hazifiki. Lakini mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke mpaka siku tano zikisubiri! Kwa hiyo siku za hatari zinaanza kabla yai halijatoka, na wewe huwezi kujua limetoka saa ngapi. Wenye shanga za kuhesabia wanafundishwa kujizuia siku ya 8 mpaka ya 19, wakihesabu tangu siku ya kwanza ya damu, na ni kwa wale tu ambao mzunguko wao ni kati ya siku 26 na 32. Mzunguko wako ukiwa wa kuyumbayumba kama daladala mbovu, hii si yako.

Kunyonyesha kunazuia mimba kweli, bibi zetu hawakukosea, lakini masharti matatu yawepo kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji. Likivunjika moja, tafuta njia nyingine siku hiyohiyo. Halafu ukifikiria, kunyonyesha nako ni homoni, ila za kwako mwenyewe: mtoto akivuta ziwa taarifa inakwenda kichwani na bosi anatulia.

Kumwaga nje… akina baba, mnajisifu sana kwa hili. Wataalamu wanahesabu hivi: chukua wanawake 100 wanaokutana na waume zao mwaka mzima bila kinga yoyote, 85 watapata mimba. Kwa kumwaga nje ni 20. Kwa kondomu, kwa namna watu wanavyoitumia kawaida, ni 13. Vidonge 7, na si kwamba vidonge ni vibovu, maana anayemeza bila kukosea hata siku moja hesabu yake haifiki hata mmoja. Sindano 4. Kijiti na kitanzi havifiki mmoja kila kimoja. Mnaona wenyewe kinachotofautisha: njia inavyozidi kutegemea kumbukumbu ya mtu ndivyo inavyovuja.

Nilisema nawajia akina baba, nimefika. Mwanaume naye ana njia yake ya kudumu. Ni kukata mirija miwili midogo inayopitisha mbegu, ganzi kidogo, siku hiyohiyo unarudi nyumbani. Si kuhasiwa! Ng'ombe anayehasiwa anaharibiwa korodani, wewe zako zinabaki na homoni zake zote, sauti haibadiliki, ndevu hazianguki, nguvu ziko palepale na maji yanatoka, ila hayana mbegu. Mnatakiwa tu kutumia kinga nyingine miezi mitatu ya mwanzo mpaka zilizobaki njiani ziishe. Ni nyepesi kuliko kumfunga mama kizazi. Lakini ni wanaume wangapi nimewasikia wakisema, mke wangu kafungwa, kwa majivuno, kama vile wao wamefanya kazi!

Nimekiweka kitanzi mwisho kwa makusudi. Kitanzi cha shaba ni kiplastiki kidogo chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, kinawekwa ndani ya mji wa mimba. Hakina homoni hata chembe. Shaba inatoa chembechembe ndogo ambazo kwetu hazina neno lakini kwa mbegu za kiume ni sumu, zinashindwa kuogelea, hazilifikii yai. Aina inayotumika sana inakaa mpaka miaka 12, na siku ukikitoa unaweza kushika mimba mwezi uleule. Kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya ajali kinazuia mimba kuliko hata P2. Ubaya wake, miezi mitatu mpaka sita ya kwanza hedhi inakuwa nzito na tumbo linakaza, na kwa wachache kinaweza kutoka chenyewe, kwa hiyo kagua nyuzi zake mara mojamoja. Mwanaume akilalamika kwamba nyuzi zinamchoma, unarudi zinapunguzwa. Si sababu ya kugombana.

Dada yangu anacho. Haikuwa rahisi, maana kwa damu ile aliyopoteza mwaka 2022 kwanza walimpima mara mbili, wakampa vidonge vya kuongeza damu, ndipo walipoona imerudi wakakubali. Safari ile alikwenda mwenyewe na maswali yake ameyaandika kwenye karatasi, hakuniuliza mimi. Niliumia kidogo, sitaficha. Jioni nikajikaza nikamwambia, "Dada, nisamehe kwa yale ya vidonge." Akaniangalia akasema, "Ulikuwa na C, mdogo wangu. Ningemuuliza mwenye A." Tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Shemeji yeye aliambiwa aliporudi safari. Akasikiliza, akauliza hicho kidude kimetengenezwa kwa nini. Dada akamjibu, shaba. Shemeji kimya. Ikumbukwe kwamba lori lake likitoka Zambia kurudi bandarini huwa limejaa mzigo mmoja tu, shaba, miaka nenda rudi.

"Yaani," akasema, "mimi naivuta kilomita zote zile, kumbe nyingine iko nyumbani inanisubiri?"

Haya wapenzi, nafasi imekwisha. Yule dada wa sindano ameniahidi kwenda kliniki Jumatano, wa P2 aliondoka saluni bila kuaga ila nilimwona nje ameshikana na nesi wanaonyeshana mkono kwa ndani. Wiki ijayo tutakuwa na mambo ya mawifi, na mmoja wao anajijua.